Shavu la Swedi

Siku za Ijumaa asubuhi, kabla joto halijapanda kutoka ziwani, Husna alifungua kibanda chake cha kinyozi nyuma ya soko la Baraka, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. Wembe ulikuwa wa kukunja, wa mume wake Swedi. Mwanzoni wazee wa msikitini walinung'unika kuona mwanamke akishika mashavu ya waume za watu. Lakini mkono wake haukuacha vipele, na wazee nao wana shingo. Wakarudi mmoja mmoja.

Swedi aliitwa jioni moja akamnyoe mtu kwenye barabara ya kupanda Fizi, na hakurudi. Waliomwita walikuwa watu wa Bonaventure, ambaye wakati ule alikuwa na kundi lake milimani. Siku hizi Bonaventure ana ofisi mjini, na bunduki wanambebea wengine. Mji mzima ulijua. Kwa kuwa hakuna aliyeiona maiti, hakukuwa na maziko, na Husna hakukaa eda. Alibaki hivyo, si mke, si mjane.

Ijumaa moja Bonaventure aliingia kibandani na ndevu za wiki tatu. Walinzi wake wawili wakasimama mlangoni, na kibanda kikawa giza.

"Bakinyozi bengine banaharibu hii ngozi," alisema. "Kila banaponinyoa inawaka kama pilipili. Banasema we unaijua, mama Bushira," akamwita kwa jina la binti yake.

"Kaa, chef," alisema Husna, kama mji mzima ulivyomwita mkubwa huyo.

Alimpaka povu, akanyoa. Wembe ulipoondoa povu la mwisho, Husna aliona kwamba kidevu kilikuwa cha Swedi. Kovu la ndoano lilikuwa chini ya taya, mahali pake. Doa jeusi lilikuwepo. Hata vile vipele viwili vilikuwepo, pale ambapo nywele za Swedi ziliota kwa ubavu na kurudi ndani ya ngozi. Alikuwa amekinyoa kidevu hicho tangu walipooana, hakuwa na haja ya kukitazama mara mbili.

Alikikanda kwa kitambaa cha maji baridi. Jiwe la shabu, la kukaza ngozi baada ya kunyoa, aliliacha kwenye rafu, maana shabu ilikuwa ikimpasua Swedi ngozi. Badala yake alichukua mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, akayapasha moto viganjani, akayapaka kidogo kidogo bila kusugua. Kidevu kilipata joto. Kisha kikaegemea kiganja chake, kama kilivyozoea.

Husna akashika mgongo wa kiti.

"Leo haiwaki," alisema Bonaventure, macho amefumba.

"Haitawaka, chef."

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa. Habari zilimfikia Bibi Siti, mama yake Swedi. Naye akaja na karai lake la samaki wa ndagala kichwani, akalitua, akafuta mkono kwenye kitenge, akauweka juu ya kidevu kilichotoka kunyolewa.

"Iko yeye," alimwambia Husna. "Amekonda."

Bonaventure alimwacha amalize. Norbert, muuguzi wa dispensari, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi, alisema kule Lubondja kuna mwanamume aliyeotwa na goti la kaka yake marehemu, na halimsumbui isipokuwa wakati wa mvua. Waliokuwepo walitikisa vichwa. Mmoja aliuliza ni goti la upande gani.

Lakini mafuta yaliilisha ngozi ile. Kutoka kidevuni ilipanda mashavuni, kutoka mashavuni ikafika masikioni. Husna aliiona ikipanda, na usiku hakupata usingizi, kwa sababu Bonaventure naye alikuwa na kioo nyumbani kwake. Kila alipotoka kibandani alijipapasa taya kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta jino bovu. Husna alijua kwamba mtu wa namna ile akiogopa, wanaokufa ni wengine.

Ijumaa iliyofuata Bonaventure aliwatoa wateja wote nje.

"Inapanda," alisema. "Muke wangu anakataa kulala na mimi. Anasema kuna muntu mwengine mu kitanda." Alitoa chupa ya alcool mfukoni mwa koti, ile kali ya kuoshea vidonda. "Mafuta yako ndiyo inailisha. Weka hii, mpaka itoke."

"Itaumia, chef."

"Nitavumilia."

Husna hakuwa akimsemea yeye, alikuwa akilisemea shavu. Wembe ulikuwa bado wazi mkononi mwake.

"Jana nilipita ku masomo," alisema Bonaventure. "Nilimuona Bushira yako anaruka kamba. Amekuwa mukubwa."

Koo lake lilikuwa bado lake mwenyewe, na mshipa ulikuwa ukipiga hapo pembeni. Husna aliutazama. Nje, mlinzi mmoja alicheka kitu alichokiona kwenye simu. Husna aliifikiria njia ya kutoka kibandani hadi shuleni, jinsi ilivyonyooka, na jinsi pikipiki inavyoimaliza kabla mtu hajavaa viatu. Akaukunja wembe.

Alimimina. Shavu lilikakamaa, taya zikabana, kama Swedi alivyokuwa akibana taya alipoumwa. Halikutoa sauti. Aliyelalamika ni Bonaventure.

"Nisamehe," Husna alisema polepole.

"Si kitu," alijibu Bonaventure.

Aliendelea mpaka chupa ikaisha. Ngozi ilipauka, ikainuka kwenye ukingo wa sikio, ikatoka nzima nzima kama ganda la kitunguu, sikio hadi sikio, na kovu lake na doa lake. Chini yake kulikuwa na mashavu ya Bonaventure mwenyewe, laini kama sabuni mpya. Alijitazama kwenye kioo, akaomba apakwe lotion yenye harufu nzuri. Husna alimpaka.

Kisha aliikunja ngozi ndani ya taulo safi, akaipeleka nyumbani. Ilikuwa bado na joto. Bibi Siti aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaitia kafuri. Shehe aliitazama, akasema kinachopatikana cha maiti huswaliwa kama maiti mzima. Wachimbaji walichimba kaburi la urefu wa mtu, kwa kuwa hawakujua kuchimba jingine.

Watu walikuja wengi, wengine kwa pikipiki kutoka Makobola. Bonaventure alikuja na walinzi wake na gunia la mchele, akakalishwa mbele pamoja na wazee. Kabla ya jeneza kuinuliwa uani, shehe aliuliza kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu, basi amsamehe ili aende mwepesi. Waliokuwa karibu na Bonaventure walitazama vidole vyao vya miguu.

Bonaventure alisimama, akanyoosha koti.

"Mimi namusamehe," alisema. "Kwa yote."

Wanaume wakaitikia amina. Wanawake, kule kwenye mikeka, wakaitikia nao. Husna aliinua macho, akamwona Bushira amesimama kando ya ukuta, na mlinzi mmoja ameinama mbele yake, akimfunga vizuri kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea.

Husna akaitikia amina, kwa sauti ya kusikika.