Lori la Intaya na Saruji ya Mwenyekiti

Barabara ya saruji ilipofika kijijini, baada ya miaka ishirini na miwili ya ahadi, kitu cha kwanza walichofanya wakubwa ni kuifunga. Mwenyekiti Olsim alilaza mianzi katikati ya njia, akamweka karani wake pembeni kwenye kiti cha plastiki, akabandika karatasi kwenye msonobari: gari lolote linalodondosha oili halitakanyaga saruji mpya. Gavana alikuwa anakuja Jumamosi kukata utepe, na Mwenyekiti hakutaka madoa.

Kijiji kizima kilikuwa na gari moja linalodondosha oili. La Bangsoy.

Lilikuwa lori la jeshi, la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote, lenye pua ndefu na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Mkewe Intaya ndiye aliyelinunua, kwa miaka tisa ya kupiga deki nyumba za watu Hong Kong. Alilifaidi misimu miwili, akafa. Sasa ni mwaka wa nne Bangsoy anaamka, anakunywa kahawa peke yake, kisha anakwenda kulisalimia lori kabla hajasalimia mtu. Lisipopita kwenye saruji, kabichi zake zingeozea shambani, maana njia ya zamani ilikuwa imefukiwa na mkandarasi. Na Olsim alishatuma salamu mara mbili kwamba yuko tayari kulichukua kama chuma chakavu. Kuliko kumkabidhi Olsim lori la Intaya, Bangsoy angelila kwa chumvi, boliti kwa boliti.

Basi akamwita Biday.

Biday alikuwa mdogo wake Intaya na fundi wa magari pekee upande ule wa mlima, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usiojua breki. Aliingia uvunguni na tochi, akatoka na kidole cheusi. Akaeleza kwamba injini haina neno. Inayovuja ni gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Sili yake ya nyuma, mpira unaozuia oili isitoke, imechoka. Akashusha shafti inayopeleka nguvu nyuma, akang'oa sili, akapachika mpya, akajaza oili. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi doa chini ya lori lilikuwa kubwa kuliko la jana.

Bangsoy alijua wa kulaumiwa. Alianza na waliotengeneza sili, akapanda kwa walioruhusu ziingie nchini, akafika kwa waziri, kisha akateremka taratibu hadi kwa Olsim, ambaye alimpa fungu nono kuliko wote. Biday alimsikiliza akiwa uvunguni, akiona miguu yake tu ikienda na kurudi.

"Shemeji," akasema, "ukimalizana na waziri nipe spana namba kumi na saba."

Jumatano aliweka sili nyingine, safari hii ya mbele na ya nyuma. Wakaliendesha hadi kwenye chemchemi na kurudi, na waliporudi oili ilikuwa inatoka pande zote mbili. Biday akakaa juu ya jeki akifikiri. Kisha akasema kwamba sili mpya haivuji hivi bila kitu kuisukuma kutoka ndani. Gia boksi ikipata moto hewa yake hutanuka, na hewa hiyo ina mlango wake, kijibomba kilichoko juu, kipumulio. Kikiziba, hewa husukuma oili popote inapoona upenyo.

"Hebu niondoe ubao wa sakafu nichungulie kwa juu."

Hapo Bangsoy akaingiwa na wasiwasi. Alisema ubao ule umepigiliwa misumari. Akasema mara ya mwisho aliona nyoka. Akasema basi wanywe kahawa kwanza. Biday alikuwa ameshaunyanyua.

Juu ya gia boksi kulikuwa na kitu kama ukoko wa sufuria: cheusi, kigumu, chenye nyufa, na katikati yake yamesimama manyoya matatu mekundu ya kuku.

Biday aliutazama ukoko. Akamtazama shemeji yake.

"Nani kafanya tambiko kwenye gia boksi?"

Bangsoy alijibu kwamba huenda ni wanajeshi wa zamani. Biday akataka kujua jeshi gani lilikwenda vitani na kuku. Basi yakamtoka. Kila gari la mlima ule hupakwa damu ya kuku linaponunuliwa, kwenye bampa, mzee wa tambiko akisema maneno yake, na halijadhurika gari kwa hilo. Lakini lori lilipoanza kudondosha tone mojamoja, miezi minane nyuma, Bangsoy hakumwita mzee wala fundi. Aliona dawa huwekwa penye kidonda. Akafunua ubao, akachinja, akapaka damu, akamiminia juu yake pombe ya mchele, ile nzito yenye machicha. Lilipozidi kuvuja akachinja wa pili. Lilipozidi tena akachinja wa tatu, na huyo alikuwa mtagaji.

"Kwa hiyo umeliziba pua," Biday akasema, "halafu unashangaa kamasi linatokea masikioni."

"Nilikuwa naongea na dada yako." Bangsoy alikuwa akiikunja kofia yake na kuikunjua. "Nilimwambia, gari lako linakufa na mimi gari silijui. Niliona akipata kuku atanisaidia."

Biday alichukua bisibisi akaanza kubandua ukoko.

"Dada alikuwa hali kuku, shemeji. Huko Hong Kong walimlisha kuku miaka tisa. Ungempa nguruwe."

"Nguruwe asingeenea hapo."

Wakacheka wote wawili, wakacheka hadi karani kule kwenye mianzi akainuka kitini kuangalia kuna nini.

Kipumulio kilizibuliwa kwa waya, kikaoshwa kwa petroli, na Biday akakiungia mpira mrefu uliopanda hadi nyuma ya kiti, mbali na dini zote. Sili akazibadilisha tena, kwani zile zilikuwa zimeshaumuka, akajaza oili hadi shingoni.

Ijumaa kabichi zilipakiwa lori zima, likapelekwa chemchemini na kurudi ili lipate moto, kisha likasimamishwa kwenye saruji yenyewe, mwanzo wa mteremko, limeinamia ubavu mmoja. Olsim ndiye aliyetaka hivyo. Kwenye udongo, alisema, wajanja huficha. Akatandika karatasi nyeupe chini yake. Saa nzima. Watu walikuja na viazi vitamu vya kuchemsha wakakaa kutazama. Olsim alipiga magoti mara nne, akiwa ndani ya suruali ya kumpokelea gavana, na mara zote nne karatasi ilikuwa safi.

Karani akainua kalamu aandike. Olsim akamzuia. Alisema anayajua malori haya: lisipovuja ni kwamba ndani hamna kitu. Biday akamhakikishia kwamba gia boksi imejaa oili. Olsim akauliza inakaguliwa wapi. Biday akamwonyesha boliti ya ubavuni, akamwambia kwa adabu zote kwamba haifunguliwi lori likiwa limeinamia upande ule.

"Mama, unanifundisha ukaguzi?"

"Hapana, Mwenyekiti," Biday akasema, akampa spana.

Bangsoy alifungua mdomo. Biday akamkanyaga mguu.

Boliti ilizunguka mara tatu. Ya nne ilichomoka yenyewe. Oili ikamwingia Olsim mkononi hadi kwapani. Akaruka, akaiparaza karatasi kwa kiatu, na oili ikashuka kwenye saruji nyeupe bila haraka, ikakizunguka kiti cha karani, ikaendelea hadi kwenye nguzo za utepe. Biday alishaingia uvunguni na boliti yake, akakaza, akaongezea oili iliyopungua kutoka kwenye debe, akafuta ubavu wa gia boksi kwa kitambaa.

Karani aliuliza, taratibu, kwenye kitabu aandike limevuja gari la nani.

Olsim alikuwa anaagiza majivu, sabuni, maranda na mfuko wa saruji, vyote kwa pamoja. Bangsoy alimsogelea. Maneno ya miaka minne yalikuwa yamejipanga kooni, na hakuyahitaji hata moja.

"Mwenyekiti, nipite?"

Olsim alitazama sili, iliyokuwa kavu kama kiganja. Akatazama watu, waliokuwa wameacha kutafuna. Akapunga mkono wake mweusi, karani akaondoa mianzi.

Lori lilishuka kwa gia ya kwanza. Biday alitembea nyuma yake mita mia mbili za mwanzo, ameinama, mikono magotini, akichungulia chini. Kisha akakimbia, akadandia upande wa mlango wenye kamba.

"Pakavu, shemeji. Kanyaga."