Damu Iliyopanda Ndege

Daktari Kokubanza aliisoma barua mara ya pili, akamtazama Nsabimana shingoni, akairudia barua. "Wanasema huna ugonjwa," alisema. "Yaani ule tuliouhofia."

Rwegasira, aliyemleta kwa baiskeli kutoka Kanoni, alishangaa kuliko mgonjwa mwenyewe. Uvimbe wa shingoni ulishafika ukubwa wa yai, na kila asubuhi Nsabimana aliamka shuka limelowa jasho. Sasa hiyo ndiyo afya?

"Labda mashine imekosea, daktari," alisema Rwegasira.

Daktari akawaeleza taratibu. Damu ilipelekwa Ulaya kwa ndege. Kule huichanganya na kingamwili zilizotiwa rangi ya kung'aa, ambazo hung'ang'ania chembe nyeupe za aina moja tu, zile ziitwazo B. Chembe hupita moja moja mbele ya mwanga mkali, na mashine huhesabu zinazowaka. Kwa mwenye saratani waliyoihofia, chembe hizo huwa nyingi kupindukia, na zote za sura moja. Za Nsabimana zilikuwa za kawaida kabisa. "Kwa hiyo dawa ya saratani hatumpi. Tutaanza ya kifua kikuu."

Lakini damu ile ilikuwa ya Rwegasira.

Msimdhanie utapeli. Siku ile ya kutoa damu, mwanzoni mwa 1991, Nsabimana alishindwa hata kukaa kwenye baiskeli, na ndege haikungoja mtu. Nesi alipoita jina la Nsabimana, Rwegasira akaitika na kunyoosha mkono, moyo wake kwatu. Kwani wao si walichanjiana ujanani wawe ndugu wa damu, wakachovya buni katika damu hiyo, kila mmoja akameza ya mwenzake? Nsabimana alikuja kutoka Rwanda kupalilia migomba kwenye vibanja vya watu, hana baba wala shangazi huku. Tangu siku hiyo akawa na ukoo. Damu ni moja, sindano ichome huku au kule, kuna tofauti gani?

Kumbe tofauti ipo, tena imeandikwa. Alitaka kucheka, akataka kulia. Kama mashine inasema kweli, ile buni ilikuwa nini? Kama buni ni kweli, mbona yeye haumwi? Akinyamaza, ndugu yake atameza dawa isiyo yake mpaka afe. Akisema, ndiye anayemvua ukoo mbele ya watu.

"Damu ile ni yangu," alisema. "Nilidhani ni ileile."

Daktari alikasirika waziwazi, akamwita nesi alete sindano upesi, ili damu yenyewe iwahi ndege ya mchana. Nsabimana alinyoosha mkono. Chupa ilipojaa, daktari akachukua fomu, akamgeukia Rwegasira.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Kwa miaka ishirini alilijibu swali hilo kabla halijaisha. Safari hii aliitazama kwanza ile chupa ya damu. Nsabimana alimngoja, akangoja tena, kisha akamwambia daktari, "Andika jirani."