Anasema Haina Madhara

Siku ya tatu ya mkutano, Mkalimani alikuwa amechoka hadi kope. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni wa mtu aliyebeba maneno ya wenzake tangu juzi, maneno ya watu wasiotaka hata kutazamana, na kila upande ukimwona yeye ndiye mchawi. Ukumbi ulikuwa wa chuo cha ualimu. Palikuwa na viti vya plastiki na feni tatu, na katika hizo tatu moja tu ndiyo iliyozunguka, nayo ilikuwa juu ya waandishi wa habari.

Kilichobishaniwa ni mahindi. Shirika moja la utafiti lilikuwa limeleta mbegu iliyobadilishwa vinasaba, ambayo funza wa mabua akiitafuna anakufa, na kabla haijaruhusiwa ilibidi wananchi wasikilizwe. Kushoto walikaa wanaoipinga, na mabango yao. Kulia walikaa wanaoitaka, na kompyuta zao. Katikati walikaa wakulima, ambao ndio wenye mashamba, na ndio waliopewa nafasi ndogo kuliko wote ya kusema.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa neno. Siku ya kwanza Mkalimani alisema "mbegu zilizoboreshwa", kushoto wakasimama wote: amenunuliwa huyu! Siku ya pili ulimi ukamponyoka, akasema "zilizochezewa", na kulia wakaandika barua ya malalamiko kabla chai haijapoa. Mwenyekiti akaamua, kwa kugonga kengele yake, kwamba neno halali ni "zilizobadilishwa vinasaba", na lingine lolote ni uchochezi. Mzee mmoja akauliza vinasaba ni nini. Ukumbi mzima ukamgeukia Mkalimani.

"Ni nasaba, mzee, lakini ndogo ndogo," alisema. "Ile inayofanya mtoto afanane na babu yake."

"Sasa mahindi haya yamefanana na babu wa nani?"

Watu walicheka hadi kengele ikagongwa tena. Tangu hapo wakulima walimbatiza Mama Maana-Yake, kwa kuwa kila baada ya mtu kuzungumza wao walimgeukia yeye na kuuliza: maana yake?

Kaka yake alikuwa katikati, safu ya tatu, na majirani zake kumi na mmoja. Misimu miwili mfululizo funza walikuwa wamemlia mahindi hadi akabaki kuvuna mabua. Mlangoni kulikuwa na meza ya kuwaandikisha wakulima watakaokubali kuijaribu mbegu hiyo kwenye mashamba yao na kula watakachovuna, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Asubuhi getini alimshika mdogo wake mkono.

"Mimi sijaja kutafuta nani ana akili," alimwambia. "Nitawauliza swali moja. Wewe niambie walichojibu, basi. Hawa wenzangu nimewaambia anayetafsiri ni mdogo wangu, tumbo moja, hawezi kutudanganya."

"Mimi nasema wanachosema wao, kaka. Siweki langu."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Zamu yake ilifika baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo hata wanaopinga husinzia. Alisimama, akavua kofia. "Mimi nakula ninachopanda," alisema. "Mke wangu anakula, wajukuu wanakula. Mbegu hii ina madhara au haina?"

Mkalimani aliligeuza swali likaenda vizuri. Mtaalamu wa mbegu, mgeni mrefu mwenye sauti ya upole, alijibu kwa dakika mbili nzima. Alisema kwamba katika majaribio yote waliyofanya hadi siku hiyo hawakupata ushahidi kuwa mbegu inamdhuru mlaji. Akasema kwa udongo na hali ya hewa ya hapa walikuwa na misimu miwili tu, ambayo si mingi. Akasema madhara ya miaka mingi bado wanayafuatilia, na ndiyo sababu wanahitaji wakulima wa majaribio. Alikuwa mtu mkweli, alichagua kila neno, na kila neno lake lilikuwa na mkia.

Mkalimani aliandika alama zake kwenye daftari. Miguu ilimwaka moto ndani ya viatu, na mwenyekiti alikuwa tayari ameinua kengele. Akavuta kipaza sauti.

"Anasema haina madhara."

Kulia walipiga makofi. Kushoto walizomea. Kaka yake aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaketi. Mwenyekiti akatangaza kwamba maswali yamekwisha.

Mkalimani alipoinama kuchukua chupa ya maji ndipo macho yake yalipotua kwenye daftari. Neno "ushahidi" lilikuwa pale, amelifupisha kwa herufi tatu. Misimu miwili ilikuwa pale, na mshale mrefu wa "bado". Vyote alikuwa ameviandika kwa mkono wake na hakuna hata kimoja kilichofika kwenye kipaza sauti. Akatazama mlangoni. Kaka yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyuma yake majirani kumi na mmoja wamejipanga.

Mkalimani alishikwa na haya. Miaka ishirini na sita katika kazi hii, na hajawahi kusahihisha neno mbele za watu. Mkalimani anayejisahihisha ukumbini haitwi tena. Kila mwenye kazi hiyo analijua hilo. Angeweza kunyamaza. Maji yake yalikuwa mkononi na mkutano ulikuwa umekwisha.

"Samahani, mwenyekiti," alisema, na kipaza sauti kikapiga kelele. "Nimekosea kutafsiri. Mtaalamu hakusema haina madhara. Alisema hawajapata ushahidi wa madhara, hadi sasa. Hapa kwetu wana misimu miwili tu. Ya miaka mingi bado wanayafuatilia."

Kilichofuata hakikuwa mkutano. Kushoto walipanda juu ya viti wakipiga kelele kwamba ukweli umejitokeza wenyewe. Kulia walipiga kelele kwamba ni kitu kilekile, tofauti iko wapi? Mtaalamu, asiyeelewa hata neno moja, alimgeukia amtafsirie. Ikambidi Mama Maana-Yake asimame pale na kutafsiri matusi aliyotukanwa yeye mwenyewe.

"Wanasema nimehongwa," alimwambia.

"Na nani?"

"Wa kushoto wanasema ni ninyi. Wenzako wanasema ni wale."

Mtaalamu, alipoelezwa tafsiri zote mbili, alisema polepole kwamba ya pili ndiyo sahihi na kwamba anamshukuru. Hilo hakulitafsiri. Hakuwa na nguvu tena, na hakukuwa na wa kulisikiliza.

Kwenye foleni majirani walikuwa wameanza kuondoka, kwanza wawili, kisha wote. Hakuna aliyemlaumu kaka yake kwa mdomo. Walimpita tu, wakitazama sakafu, na mmoja akamwambia, "Basi tutaonana nyumbani, mzee mwenzangu." Mkalimani alipofika mlangoni alimkuta kaka peke yake mbele ya meza, na karani akimsubiri kwa kalamu.

"Ungenyamaza," kaka alisema bila kumgeukia, "au ungesema yote mara ya kwanza. Umenivua nguo mbele ya watu wangu."

"Nisamehe, kaka. Nilichoka. Nikafupisha."

"Ulichoka." Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayelipima uzito. "Mimi nimeng'oa mabua matupu misimu miwili. Nalima na dawa mgongoni, nakohoa hadi wifi yako ananihamishia godoro sebuleni, na funza bado wanakula. Wenzangu wana mashamba ya bondeni, bado wanavuna, wanaweza kusubiri ushahidi. Mimi sina pa kusubiria." Akamwelekea karani. "Nipe niweke sahihi."

Fomu ilikuwa na kurasa nne, zote kwa lugha ya kina mtaalamu. Ya Kiswahili, karani alieleza, bado iko kwa mchapaji. "Lakini haina shida, mama," aliongeza. "Mwambie tu ni ya kukubali."

"Hapana," Mkalimani alisema. "Leo sifupishi tena."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akamsomea kaka yake fomu yote, mstari kwa mstari. Wahudumu waliondoa viti, feni ikazimwa, mabango yakapita yamekunjwa kwapani. Alimsomea kwamba hataruhusiwa kuweka akiba ya mbegu kwa msimu unaofuata. Alimsomea kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Alimsomea kwamba afya ya kaya yote itafuatiliwa kwa miaka mitano.

"Kaya ni akina nani?"

"Ni wewe, na wifi, na wajukuu. Kila anayekula hapo kwako."

Kaka aliichukua kalamu. Aliizungusha vidoleni kwa muda, kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia kuhusu kaya:

"Na gunia lako?"

Kila mwaka baada ya mavuno, hata mwaka wa funza akikusanya machache yaliyosalia, kaka yake alimletea gunia moja la mahindi mjini. Hata lile la mwaka jana lilikuwa halijaisha. Tangu walipowazika wazazi wao Mkalimani hakuwahi kununua unga wa dukani.

"Nikuletee au nisikuletee?"

Mkalimani alifungua mdomo. Siku tatu hizi hakukosa jibu la mtu yeyote. Majibu yote yalikuwa ya watu. Hili lilikuwa lake. Alimtazama kaka yake, mikono yake iliyopasuka kwa dawa, kofia iliyofifia rangi, na alitaka kwa moyo wote kusema ndiyo.

"Niletee," alisema.

Lakini alikuwa amechelewa kidogo, na kaka aliuona ule uchelewaji. Hakukasirika. Alimgusa begani, kama zamani alipokuwa akimsindikiza shule.

"Nitakuletea la jirani," alisema, akainama, akaweka sahihi.