Wifi Alivyonicheulisha Kwenye Kitanda cha Picha

Kwenye ini langu palionekana doa, dogo kama punje ya mahindi. Daktari wa picha, binti mpole mwenye miwani, akanieleza taratibu. "Bibi, tutakuchoma sindano yenye vipovu vya hewa, vidogo mno, havionekani kwa macho. Vitakwenda na damu mpaka kwenye ini, ving'ae kwenye kioo hiki. Doa likivishika, ni fundo la mishipa tu, unarudi nalo nyumbani. Likivitema haraka, itabidi tufikirie kisu. Vinadumu dakika tano tu, kwa hiyo usitikisike."

Nikamwambia, mwanangu, nimekaa kwenye benchi lenu tangu asubuhi, dakika tano ni nini?

Kasheshe ilikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alinisindikiza bila kuombwa. Amelea watoto tisa, na kwake binadamu yeyote ni mtoto mchanga aliyezidi ukubwa.

Muuguzi akatikisa kichupa, akavuta dawa, akaisukuma polepole mkononi mwangu. Daktari akatelezesha kifaa chake ubavuni, juu ya jeli ya baridi. Kioo kikaanza kumetameta.

"Hewa imeingia?" wifi akauliza.

"Imeingia, mama," muuguzi akajibu.

"Na mmemwacha amelala chali?"

Kufumba na kufumbua kanikwapua, kanikalisha, kanilaza begani pake, ananipiga mgongo pa! pa! pa! "Toa, wifi, toa hewa yote!"

Kifaa kikaruka, doa likapotea. Nami, aibu ya uzee, nikacheua mpaka waliokuwa nje kwenye foleni wakanyamaza.

"Mmeona?" wifi akawaambia wataalamu. "Hiyo ndiyo ilikuwa inamsumbua."

Daktari akavua miwani. "Mama, hewa yetu iko kwenye damu, siyo tumboni. Inatoka yenyewe kwa pumzi. Na kichupa kimebaki kimoja."

Kichupa kimoja, na ini ninalo moja.

Tukangoja vipovu vya kwanza viishe. Wifi akaombwa atoke, akagoma. Akaombwa atulie, akaikalia mikono yake mwenyewe kama kuku aliyeatamia. Sindano ya pili ikaingia. Kosa langu, nikamtazama: kauma midomo, macho yamemtoka, mabega yanamcheza kwa hamu ya mgongo wangu. Kicheko kikanipanda. Nikakibana. Nikafikiria kisu. Nikafikiria mazishi yangu, lakini huko nako nikamwona wifi anamcheulisha maiti, mambo yakazidi kuharibika.

"Dakika ya tatu," daktari akasema. "Doa linajaa kutoka pembeni. Vumilia, Bibi."

Machozi yakanitiririka mpaka masikioni.

"Ya nne. Bado linang'aa. Ya tano... limevishika! Hakuna kisu, Bibi. Pumua."

Kilichonitoka hakikuwa pumzi. Nilicheka mpaka kitanda kikaondoka na magurudumu yake, muuguzi akakidakia mlangoni. Wifi akaja mbio akilia, akataka kunikumbatia, mikono ikakataa. Ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaliwa, inaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Ikabidi nimkumbatie mimi.