Kilo Saba za Bwana King'ora

Kabla helikopta haijaletwa, ua wa hospitali ulikuwa na mfalme mmoja tu: dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa miaka kumi na tisa kila mtu alimwita Bwana King'ora. Akipita, hata kuku walisogea kando kwa adabu. Kisha likashuka lile dude jeupe, na ufalme ukapinduliwa bila risasi hata moja.

Msiba huo angeuvumilia. Kilichomchoma ni kwamba nesi aliyechaguliwa kuruka nalo alikuwa mkewe.

"Ina injini mbili, mume wangu," mkewe alimwambia mezani, macho yakimng'aa. "Moja ikizima, nyingine inatufikisha."

"Na gari langu?"

"Lina moja, na kila asubuhi mpaka lisukumwe."

King'ora akasukuma sahani. Tena kulikuwa na rubani, mtu wa miwani myeusi, aliyemwita mkewe "dada" kwa sauti ya asali. Dada gani huyo, anayekaguliwa mkanda wa kiti mara mbili?

Rubani alikuwa na sheria isiyopindwa: kabla ya kuruka, watu na mizigo yote hupanda mizani iliyo mlangoni pa stoo. Jumla ikizidi kiwango, kuna kinachobaki. King'ora alipoisikia, moyo wake ulicheka peke yake.

Siku ya tatu simu ililia. Ng'ambo ya mto mama alikuwa amejifungua na damu haikatiki, na daraja limesombwa. Nesi alipokwenda kubadili viatu, King'ora alichukua jeki ya gari lake, akaizika chini ya bandeji katika begi la dawa. Hesabu yake ilikuwa safi: kilo zikizidi, mkewe atabaki, na ataruka nesi wa wodi ya wanaume, mwembamba kama ufagio.

Rubani akasoma mizani, akakunja uso. "Kilo saba zimezidi, na mafuta sipunguzi. Dada lazima aende, maana ndiye anayeijua kazi hii. Tuache begi, au sanduku la damu."

"Begi lina dawa za kukatisha damu," nesi akasema. "Sanduku lina damu ya kumwongezea. Niambie tu, tukamzike kwa kukosa lipi?"

King'ora akasogea hadi kwenye mizani, akalinyooshea begi kidole.

"Tazameni chini ya bandeji," akasema, kwa sauti ndogo isiyolingana na jina lake.

Nesi akaichomoa jeki. Aliijua; mwenyewe aliwahi kuisugua kutu.

"Baba watoto! Hii ya kumnyanyulia nani?"

"Ni... tahadhari."

"Ya tairi gani? Hii ndege inasimama kwa vyuma!"

Rubani hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifungua daftari la uzito, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Vilivyobaki chini: jeki moja, mume mmoja."

Waliporudi, King'ora alikuwa ukingoni mwa uwanja, machela tayari, gari linanguruma bila kusukumwa na mtu. Mama alikuwa hai. Nesi akapanda nyuma ya gari pamoja naye, akagonga dirisha la dereva.

"Endesha taratibu, mfalme. Na jioni hii unapimwa wewe."