Mguu wa Wilf Sugden

Bwana Ormerod alirudi kutoka vitani na mambo yake. Kwetu Uingereza mpasuaji haitwi daktari, anaitwa Bwana, na wengi wao hilo huwavimbisha kichwa. Yeye wala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akipasua watu ndani ya mahema kule jangwani Libya, kisha akaja kwetu Yorkshire, kwenye hospitali ndogo yenye baridi, akatundika kofia yake msumarini kama mtu aliyetoka dukani. Mimi nilikuwa sista, yaani muuguzi mkuu, wa wodi ya wanaume, na sikupenda kufundishwa kazi.

Mwezi wa Machi mkokoteni wa mawe ulimwangukia Wilf Sugden, fundi wa kuta za mashambani, ukamchana mguu wa kushoto kuanzia goti kushuka chini. Matope na samadi viliingia hadi ndani. Wilf ndiye aliyekuwa mrushaji mpira wa kriketi wa kijiji, na mguu huo ndio aliokuwa akitua nao kila anapourusha. Bwana Ormerod alikata nyama yote iliyokufa, akaosha, akajaza shashi, akafunga bendeji, akaenda zake kunywa chai. Hakushona hata kidogo.

Mimi nilinuna. Mama yake Wilf, Edith, mshonaji anayesifika bonde zima, alikuja juu.

"Mwanangu si kondoo wa buchani," alimwambia. "Kama sindano imekushinda, sema nishone mwenyewe. La sivyo nampeleka Leeds leo hii."

Bwana Ormerod akavuta kiti, akaketi. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba marehemu mume wa Edith alirudi kutoka vita vile vya kwanza na mguu mmoja. Akamuuliza kwa upole kama mzee alishonwa.

"Alishonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi," Edith akasema. "Halafu wakaukata."

"Uchafu ulifungiwa ndani, mama. Kule jangwani tuliacha vidonda wazi kwanza, tukavishona baadaye, na watu wakaondoka na miguu yao. Nipe hadi Jumapili."

Edith akatoa sindano zake za kufumia na kusema atasubiri papo hapo. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha, na katika wodi yangu hilo lilikuwa kosa kubwa. Nikamletea chai.

Jumapili tulifungua bendeji. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu. Nilifurahi hadi nikasahau kununa. Bwana Ormerod akashona, na Edith alipoonyeshwa mishono baadaye akasema huyu bwana anashona kama anayefunga gunia la viazi. Bwana Ormerod alikubali kabisa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata hospitali ilicheza kriketi na kijiji. Bwana Ormerod alisimama na gongo lake la kupigia mpira mbele ya vijiti vitatu alivyopaswa kuvilinda. Wilf akaja mbio akiteremka mteremko, akatua kwa mguu wa kushoto na uzito wake wote, na mpira ukapita gongo ukaangusha vijiti. Nilipiga makofi, ingawa nilikuwa upande wa hospitali.

Bwana Ormerod hakugeuka kutazama vijiti. Alikuwa bado anautazama mguu.

"Rusha mwingine," akasema.

"Umeshatoka mchezoni, Bwana," Wilf akamwambia.

"Najua. Nataka kuuona ukitua tena."