Hewa ya Matulo

"Mama Ciru, hii gari ya marehemu mnaitengeneza iende mbinguni ama wapi?"

Phelista, jirani yangu hapa Matisi, aliniuliza hivyo akiwa ameegemea ua, siku binti yangu Ciru alipowasha ile Swift kwa mara ya kwanza baada ya kuibadilisha ekzosi, lile bomba la moshi. Kuku wake walikuwa wamekimbilia juu ya paa la choo. Nikamwambia inaenda mbio za Matulo kwanza, ya mbinguni tutaona.

Kimotho, mume wangu, aliniachia gari hilo dogo jekundu na binti mmoja mwenye mikono kama yake. Alikuwa akiliendesha kanisani na sokoni polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Mungu alipomchukua, gari likakaa chini ya turubai miaka miwili. Kisha Ciru akamaliza kozi ya umakanika, akaniomba ufunguo. Nilifunga na kuomba siku nzima, asubuhi yake nikampa.

Tangu hapo nikaanza kujifunza kwa macho. Niliona springi ndefu zikitoka na fupi zikiingia, gari likachuchumaa kama paka anayevizia panya. Niliona kiti cha nyuma kikitolewa ili liwe jepesi, na sasa wageni wangu hukikalia sebuleni. Kuna kidude cha kiwandani kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Hicho nacho Ciru alikitoa, kwa sababu kilibana njia, akaweka bomba pana.

"Sasa hewa atapima nani?" nikamuuliza.

"Mimi, Mama. Kila kitu nitaiambia kompyuta ya injini."

Akakaa wiki mbili na laptop mapajani, akienda na kurudi kwenye barabara ya Kitale, akiongeza petroli hapa na kupunguza pale, kama mimi na chumvi. Siku alipomaliza alinibeba mpaka kona ya juu. Alipokanyaga mafuta, mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti. Nitasema ukweli mbele za Mungu, nilipenda. Nilimwambia arudie.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kazi. Bwana Mukhwana ana gereji Bungoma mjini, ya hizi gari ndogo za kasi, na alikuwa akitafuta fundi wa pili wa kompyuta. Ciru alimpigia simu, nami nikasikia jibu kwa masikio yangu. "Msichana, mimi sisomi vyeti. Njoo Matulo Jumamosi ya mwisho wa mwezi na gari uliyotengeneza mwenyewe. Ikimaliza mita mia nne chini ya sekunde kumi na sita, kazi ni yako. Isipofika, usinipigie tena." Mwaka mzima mtoto wangu alikuwa amezunguka gereji za Kitale akipewa injini za kuosha tu. Walimwita Madam Sabuni.

Jumamosi hiyo tukateremka. Kile kiwanja cha ndege pale Matulo, siku nyingi wanaotua ni ng'ombe, lakini siku hiyo kulikuwa na Golf, Demio, Vitz, kila moja na mngurumo wake. Vijana walikuwa wamefungua boneti wakionyeshana injini kama wanawake wanaoonyeshana vitenge vya harusi.

Wana sheria yao. Mwenye gari, yule wa kwenye logbook, lazima awe ndani gari likikimbia, kwa sababu vijana walizoea kuleta gari za wajomba ambao hawajui lolote. Aliyekagua alikuwa Wakoli, fundi mkubwa wa kompyuta wa Mukhwana, mtu mrefu mwenye koti la ngozi.

"Mwenye gari ni nani?"

"Ni mimi."

Akatazama kitambaa changu cha kanisa. "Mathe, hapa si fellowship."

"Najua. Lakini logbook imeandikwa Wakonyo, na Wakonyo ni mimi. Kofia iko wapi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Akanivalisha helmeti yeye mwenyewe, juu ya kitambaa.

Kila gari lilipewa mbio tatu. Ya kwanza, tulitoka kama jiwe la teo. Nilianza Zaburi na sikufika mstari wa pili. Ghafla injini ikaanza kulia kara kara kara, kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati. Ciru akaondoa mguu. Sekunde kumi na sita na nukta tisa.

"Hiyo injini inakaanga njugu, bana," Wakoli akasema. "Madam, rudisha mathe Kitale kabla hamjapasuka."

Ciru akatoa plagi, zilikuwa nyeupe kama chaki. "Petroli haitoshi, inajichoma. Lakini jana ilikuwa sawa, Mama. Jana tu." Akabaki akitazama laptop.

Mimi sijui injini, nikaenda kwenye masufuria. Joan, mke wa Mukhwana, alikuwa akipikia watu chakula, akaniomba nimwangalilie maharagwe akienda kuchota maji. Nimepikia kanisa miaka thelathini, sihitaji saa. Najua ni wakati gani nitafunua na kukuta bado magumu. Nikafunua. Yalikuwa yamepasuka tayari.

"Uliyaloweka?" nikamuuliza aliporudi.

"Wapi. Huku huiva haraka. Dada yangu aliolewa huko kwenu Kitale, kila siku analia na makaa."

Nikarudi kwa Ciru na mwiko bado mkononi. Nilitaka tu asikae na huzuni peke yake. Nikamwambia maharagwe ya huku hayana adabu, yanaiva kabla hujajipanga.

Akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Maharagwe. Yanaiva mapema kuliko ya nyumbani."

"Kwa sababu tuko chini," akasema polepole. "Mama, tumeteremka. Hewa ya huku ni nzito: maji huchemka kwa joto kubwa, na injini hutaka petroli zaidi. Mimi nimepima petroli kwa hewa ya Matisi, na nikatoa kile kidude ambacho kingejua tofauti."

Vidole vyake vikaanza kukimbia kwenye laptop. Mbio ya pili, kara kara ilikuwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kumi na sita na nukta moja. Akaongeza petroli kidogo tena, akafunga boneti, akanitazama.

"Imebaki moja, Mama. Unaogopa?"

"Endesha."

Bendera ikashuka. Safari hii injini iliimba kwa sauti moja, safi. Nyasi za pembeni zikawa mstari mmoja wa kijani. Gia ya pili, ya tatu, kila moja ilinisukuma kifuani, nami nikajikuta nikicheka ndani ya helmeti kama msichana. Tulipopita mstari, mtoto wangu aligonga usukani kwa viganja vyote viwili.

Kumi na tano na nukta saba.

Kule hemani Mukhwana alimshika Ciru mkono kwa muda mrefu. "Jumatatu saa mbili asubuhi. Lakini niambie, ulijuaje kilichokuwa kinasumbua?"

"Ni maharagwe ya Mama," Ciru akasema, akamweleza.

Mukhwana akacheka mpaka akaketi. "Ati maharagwe. Wakoli, si ndiyo yale uliniambia juzi pale ofisini? Kwamba gari zilizopimiwa petroli Kitale zikishuka huku huikosa, na zikilazimishwa zinatoboa pistoni?"

Wakoli alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Mikono ikasimama. Nikamgeukia. Sikupaza sauti.

"Kumbe ulijua, mwanangu. Tangu asubuhi, ukatuacha tukimbie na injini inayoweza kupasuka. Na ulinivalisha helmeti wewe mwenyewe."

Mukhwana hakucheka tena. Wakoli alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka mezani kando ya saa ya kupimia, akachukua koti lake la ngozi kwenye kiti, akainama chini ya kamba ya hema, akatoka.